Uwele wa Mbegu

Mughwai alianza kupotea mchana. Hakuwa amerukwa na akili. Aliinuka tu pale alipokaa, akachukua fimbo yake, akashika njia ya magharibi, na jua likikaribia kuzama ndipo alipoonekana tena. Haagi, haelezi. Na katika mji wa mtu kama Mughwai, nani angemuuliza?

Gaspari, mwanawe wa kwanza, kijana aliyekwisha kuota ndevu, alimwona siku ya kwanza akadhani anakwenda kuwatazama ng'ombe. Alikuwa ameshageuka kuendelea na kazi yake ndipo akakumbuka kwamba hakuna ng'ombe. Njaa ilikuwa ikimfanyia hivyo siku hizo. Ilimchezea akili, ikamrudishia vitu vilivyokwisha kwenda, halafu ikamnyang'anya tena.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Mvua ilikuwa imewapa watu wa Singida kisogo kwa msimu mzima. Uwele ulitoka ardhini ukafika magotini, ukasimama hapo, ukakauka umesimama. Watu walikuwa bado wanautazama, wakisema labda, labda, mara serikali ikatangaza kwamba kila mtu ahamie kijijini, karibu na barabara ya kwenda Issuna, ambako kutakuwa na shule, zahanati na maji ya bomba. Mughwai hakubisha. Alisema tu, "Tungoje kwanza tuone mvua." Lakini lori halingoji mvua. Mwezi wa nane lilifika na vijana wa mgambo. Vyombo vikapakiwa, mke wa Mughwai, Anastazia, akapakiwa juu ya vyombo na mtoto wake mdogo Theodora mapajani, na wale vijana wakapanda juu ya tembe wakaanza kubomoa paa la udongo ili mtu asije akarudi.

Mmoja wao, mtoto wa jirani, alikuwa amebatizwa siku moja pamoja na Gaspari. Alipomwona Mughwai amesimama uani, mikono nyuma, alisimamisha jembe akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Mughwai akaitika.

Kijana akaendelea kubomoa.

Gaspari hakuisahau marahaba ile. Baba yake alikuwa mtu wa sauti. Akikohoa zizini, watoto waliokuwa wanacheza nyuma ya nyumba walinyamaza. Mara ya mwisho alipomchapa Gaspari, kijana alikuwa tayari amempita kimo. Ndama alikuwa ameliwa na fisi kwa uzembe wake, naye aliinama akapokea fimbo bila kuinua mkono, wala hakuona aibu. Baba ni baba. Sasa baba huyohuyo alikuwa anavunjiwa nyumba machoni pake na mtoto wa jirani, naye anaitikia salamu.

Kijijini walijenga kibanda cha miti na nyasi, kwa kuwa tembe haijengwi kwa siku mbili na hapakuwa na maji ya kukandia udongo. Bomba lilikuwa limefika, ila maji hayakuwa yamefika. Ng'ombe walianza kuanguka mmoja mmoja. Wa mwisho alikufa amelala, wakamla, nyama yake ngumu kama kamba, hata mchuzi wake haukuwa na mafuta ya kung'aa. Baada ya hapo walikula ubuyu, wakala mlenda uliokaushwa, wakala mizizi ambayo hata nguruwe mwitu huichimba akiwa hana la kufanya. Mara moja lori la serikali lilileta unga wa njano, mgeni machoni na mgeni tumboni, wakaupika, wakashukuru, ukaisha. Ikasemwa lingine linakuja. Halikuja.

Theodora akaanza kuvimba miguu. Alikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, mtoto wa maneno mengi, mwenye kuuliza mpaka wakubwa wakamfukuza. Sasa alikaa mlangoni kimya, nywele zimekuwa nyekundu na laini, na nzi akitua kwenye mdomo wake hakumfukuza. Gaspari alimfukuzia. Alikaa karibu naye akifukuza nzi, na mbali kidogo aliona mgongo wa baba yake ukitokomea magharibi.

Ni Febronia, jirani wa kibanda cha pili, aliyelisema jambo. Walikutana kwenye kisima walichochimba watu katika mchanga wa korongo, wakingoja maji yajichuje.

"Gaspari," alisema bila kumtazama, "mwenzetu baba yako anakula wapi?"

"Kula nini, mama?"

"Mimi sijui. Jana nimepishana naye njiani. Taya zinakwenda. Nilipomsalimu akafumba mdomo, akaitikia kwa pua."

Gaspari aliinamia mchanga akaanza kuteka. Alijaza maji yake, akaondoka, na njia nzima maneno yale yalimfuata. Taya zinakwenda. Hakuna aibu kubwa kwa mwanamume wa kwao kuliko kula amejificha huku watoto wake wanatazama jiko lililopoa. Baba yake hawezi. Lakini mbona anatembea? Gaspari mwenyewe, kijana, akitoka kisimani alipumzika mara nyingi njiani. Mzee anapata wapi nguvu za kwenda na kurudi kila siku ya Mungu? Aliona haya kuwaza hivyo, na aliendelea kuwaza.

Kesho yake mchana alimfuata.

Hakuwa na haja ya kujificha sana, maana Mughwai hakugeuka hata mara moja. Alitembea polepole, akiegemea fimbo, akapita mashamba yaliyokauka, akapita kati ya yale majabali makubwa yaliyolala pamoja kama kundi la ng'ombe, akashuka mpaka kwenye mji wao wa zamani. Kuta za tembe zilikuwa bado zimesimama, juu wazi. Mzee aliingia mahali palipokuwa na zizi la ndama ndani ya nyumba. Gaspari akasogea ukutani, akachungulia.

Baba yake alikuwa amepiga magoti. Alifukua kwa mikono, akaondoa jiwe bapa, akatoa kilindo, kile chombo cha magome ya mti ambacho watu walihifadhia nafaka. Kilikuwa kimesilibwa mfuniko kwa samadi na majivu. Akaubandua taratibu. Akaingiza mkono akatoa uwele, punje nzuri, nzito, za kijivu. Akazimwaga kwenye kiganja cha pili, akazipuliza, akazitazama karibu na macho. Na wakati wote huo, taya zake zilikuwa zinakwenda.

Gaspari hakujua aliingiaje mle ndani. Alijikuta amesimama mbele yake.

"Baba!"

Mughwai aliinua kichwa. Hakushtuka. Alifunga kiganja chake juu ya uwele.

"Unakula," Gaspari alisema. Sauti yake ilimtoka nyembamba kama ya mtoto. "Theodora anakufa, na wewe unakuja kula huku."

Mzee aliacha kutafuna. Kisha akatema kitu kwenye mkono wa pili, akamnyooshea. Kilikuwa kipande cha ngozi ya ng'ombe, kimetafunwa mpaka kimekuwa cheupe. Ukanda wa kiatu chake cha zamani.

Gaspari alikitazama. Hasira aliyokuja nayo ilipoteza mahali pa kukaa, ikazunguka, ikapata mahali pengine.

"Na huo uwele?"

"Mbegu."

"Mbegu ni chakula."

"Mbegu ni mbegu," Mughwai alisema. "Nakuja kuangalia wadudu. Mvua itanyesha."

"Itanyesha lini?"

"Itanyesha."

"Juu ya kaburi la nani? Baba, umemwona mtoto leo? Umemwangalia? Nzi wanaingia mdomoni!"

"Nimemwona," mzee alisema, na akaanza kurudisha punje ndani ya kilindo, moja iliyoanguka chini akaiokota. "Rudi nyumbani. Na usimwambie mtu."

Ilikuwa ile sauti ya zizini. Haikuwa na nguvu, lakini ilikuwa ileile, na miguu ya Gaspari ilianza kugeuka yenyewe kutii, kama ilivyotii tangu utoto. Iligeuka, ikasita. Akarudi. Akashika kilindo.

"Lete, baba."

"Gaspari."

"Lete!"

Walivutana. Wanaume wawili waliokonda, wamepiga magoti katika zizi lisilo na ndama, jua likiwapiga vichwani mahali ambapo zamani palikuwa na kivuli. Hakumsukuma kwa nguvu. Ndivyo Gaspari alivyojiambia baadaye, mara nyingi. Alimweka tu mkono kifuani, amtenge na kile chombo. Lakini mzee alikuwa mwepesi kama bua kavu. Alikwenda nyuma, akaanguka kwa kiuno, akabaki amekaa hapo chini ameegemea ukuta, kiganja bado amekifumba.

Mnyaturu hamwekei baba yake mkono. Gaspari alijua hivyo kama alivyojua jina lake. Alingoja kitu kitokee. Alingoja baba yake amlaani, au apige kelele, au ainue fimbo. Mughwai alikaa tu, akimwangalia kwa macho ambayo kijana hakuyaelewa. Basi Gaspari alikumbatia kilindo, akatoka, akapita kati ya majabali, asigeuke nyuma.

Mama yake alikuwa mlangoni. Alikiona kile chombo kikija kabla hajauona uso wa mwanawe, akasimama.

"Baba yako yuko wapi?"

Gaspari alikuwa ametengeneza maneno njiani, maneno ya mtu anayeleta uzima nyumbani. Yote yalimpotea. "Anakuja," alisema.

Anastazia hakushangilia, wala hakugombeza. Alichukua kilindo, akakipakata kama mtu anayepima uzito wa mtoto wa mwenzake, akaingia ndani. Punde si punde jiwe la kusagia likaanza kulia. Gaspari alikaa nje akilisikiliza. Hakuwa amelisikia tangu wahame, na mate yalimjaa mdomoni mpaka akaona aibu.

Theodora alinyweshwa uji mwembamba, kijiko kwa kijiko. Cha kwanza kilitoka. Cha pili kikatoka. Cha tatu kikakaa.

Jua lilipozama Mughwai alirudi. Alitembea kama alivyotembea siku zote, ila alichechemea kidogo. Alikuta moto, alikuta harufu, alikuta mwanawe amesimama hajui mikono aiweke wapi. Kigoda chake kilikuwa mahali pake, karibu na moto. Mughwai alikipita, akaenda kukaa chini karibu na mlango.

Anastazia alimpelekea bakuli. Gaspari alijua kitakachotokea: baba yake atalikataa. Atalisukuma, atasema mbegu hailiwi, na wote watalala na aibu yao. Alikuwa tayari kwa hilo. Mughwai alipokea bakuli kwa mikono miwili, akanywa uji wote, akapitisha kidole ndani, akakilamba. Halafu akamtazama mwanawe kupitia moshi.

"Asante, baba," alisema.

Wako wanaume wanaowaita watoto wao wa kiume baba, kwa mapenzi, au kwa kuwa wamerithi jina la babu. Mughwai hakuwahi. Kwake Gaspari alikuwa Gaspari, au wewe. Kijana alitafuta kejeli katika lile neno, asiione. Akatafuta upendo, nao asiwe na hakika.

Asubuhi alimkuta mama yake akipepeta kiasi kingine. Akachuchumaa karibu naye.

"Mama, baba hajasema neno."

"Unataka aseme nini?"

"Chochote. Anilaani."

Anastazia aliendelea kupepeta. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kama mtu anayetoa mwiba.

"Katika njaa ile ya zamani," alisema, "mimi nikiwa bado kwetu, babu yako alikula mbegu. Walishiba kidogo. Mvua ikaja, na wao hawana cha kutia ardhini. Wakatembea mpaka Iramba wakilima kwa watu wapate chakula. Walipotaka kurudi, wenye nyumba wakasema, tutawapa mtama wa kula na wa kupanda, lakini huyu binti tubaki naye. Baba yako alikuwa na dada yake. Klara. Alikuwa mkubwa kama huyu Theodora."

"Sijawahi kumsikia."

"Hasemwi. Baba yako alipokuwa mtu mzima alikwenda kumtafuta. Akampata, ana mume, ana watoto. Akamsalimia Kinyaturu. Yule mama akacheka, akamwambia, mgeni, lugha hiyo siijui."

Kitu kilichokuwa kimesimama kifuani mwa Gaspari tangu jana kilianza kuyumba.

"Mbona hakuniambia pale?"

"Ungemsikiliza?"

Wazo lingine likamjia. "Na wewe ulijua mbegu zipo?"

"Mimi ndiye niliyeusiliba ule mfuniko."

"Ulijua! Ukamwona Theodora anavimba..."

"Nilimwona." Aliweka ungo chini. "Tuliapa mimi na baba yako kwamba hatutazigusa. Na jana ulipozileta nikazipika, wala mkono haukutetemeka. Usiniulize mimi ni mtu wa namna gani, Gaspari. Sijui."

Walikula uwele ule kidogo kidogo. Theodora alianza kufukuza nzi mwenyewe. Siku moja aliuliza kwa nini moshi unapanda juu haushuki chini, na Anastazia akatoka nje akalia nyuma ya kibanda. Na kilindo kilipobaki na vumbi, hata wiki haijapita, lori la serikali likaja. Magunia ya unga wa njano, na maharage pia. Filipo, balozi wa nyumba kumi, alipita kibanda kwa kibanda akiita watu, sauti yake imejaa furaha.

Gaspari alisimama kwenye mstari na gunia tupu begani. Kama wangengoja, mbegu ingekuwepo. Kama wangengoja, Theodora asingekuwepo. Au angekuwepo? Alimtazama mtoto wa jirani mmoja aliyekuwa amevimba kama Theodora, ambaye nyumbani kwao hapakuwa na kilindo chochote. Alikuwa hai, amebebwa mgongoni. Halafu akawakumbuka wawili waliozikwa upande wa pili wa barabara. Kila hesabu aliyoipiga ilimgeuka kabla hajaimaliza.

Alikwenda kwa Simeoni, mkatekista, akamweleza yote chini ya kivuli cha ukuta wa kanisa. Simeoni alikuwa mtu mwema, na mwenye njaa vilevile. Alisema, "Imeandikwa uwaheshimu baba yako na mama yako." Akafikiri. Akasema tena, "Na imeandikwa mwenye njaa alishwe." Akafikiri zaidi, akakuna shingo, akamwambia asali. Gaspari alirudi nyumbani na amri mbili, kila moja inamwangalia mwenzake kwa jicho baya.

Nyumbani, baba yake alikuwa ameanza kuomba ruhusa.

Mwanzoni Gaspari alidhani hakusikia vizuri. "Nataka nifike kwa Filipo," mzee alisema, amesimama, fimbo mkononi. "Inafaa?" Gaspari akababaika, "Baba, nenda tu, mimi nani?" Mughwai akaitika kwa kichwa, akaenda. Kesho yake aliuliza kama achanje kuni au aache. Siku nyingine alikuja mgeni kutoka Mtinko kuulizia malisho, akamsalimu Mughwai kwa heshima zote, naye akamwambia, "Maneno ya hapa msemeshe huyu." Kigoda kilibaki kitupu. Gaspari hangeweza kukikalia hata kwa kupigwa. Mwishowe ni Theodora aliyekigeuza kuwa chake, akaketi juu yake akichezea vijiti, na hakuna aliyemwondoa.

Ingekuwa hasira, Gaspari angejua la kufanya. Angetafuta wazee, angetafuta hata kondoo wa kukopa, aombe msamaha kwa desturi. Ingekuwa uchizi, angempeleka hospitali Singida mjini. Lakini mzee hakuwa na hasira wala uchizi. Alicheka na Theodora. Alisali. Alikula alichopewa. Alikuwa tu ametoka mahali pake, kama mtu aliyehama nyumba akaacha mlango wazi, na kila mara Gaspari alipogeuka aliukuta ule mlango unamngoja yeye aingie. Usoni mzee alikuwa mpole, na moyoni kuna wakati Gaspari alimchukia baba yake kwa upole ule kuliko alivyomchukia siku ya kilindo. Kisha alijichukia kwa kumchukia.

Mvua ilinyesha kabla ya Krismasi. Ilikuja na upepo, ikabeba nyasi za vibanda, watu wakatoka nje wakalowa makusudi. Serikali ilileta mbegu, mahindi na mtama, uwele hapana. Filipo alipima mashamba kwa kamba, kila nyumba na sehemu yake, mbali na shamba la kijiji ambalo wote walilima pamoja.

"Mzee Mughwai," aliita, "unapenda upande huu au ule wa mkwaju?"

"Muulize Gaspari."

Filipo akacheka, akidhani ni utani. Akaona hakuna anayecheka, akageuka kwa kijana. Gaspari alitamani ardhi impasukie. "Upande wa mkwaju," alisema, kwa kuwa ndilo neno la mwisho alilolisikia.

Asubuhi ya kwanza ya kulima walikuwa wawili tu shambani. Ardhi ilikuwa nyekundu, inanukia, ukungu umelala kwenye majabali. Mughwai alisimama na jembe begani, hatua moja nyuma ya mwanawe, kama kibarua anayengoja kuonyeshwa kazi. Na hapo Gaspari alichoka. Alitupa jembe chini.

"Baba, nipige."

Mughwai alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kutoka ng'ambo ya mto. "Nikupige kwa kosa gani?"

"Unalijua. Kata fimbo pale kwenye mkwaju. Niinamishe hapahapa kama zamani, unichape mpaka uridhike, halafu uwe baba. Mimi siwezi tena."

Mzee aliteremsha jembe begani, akaliegemea.

"Siku ile," alisema, "ulipoondoka, nilikaa pale chini. Nilikuona mpaka ukapotea nyuma ya mawe. Nikaingoja hasira. Nikasema, itakuja sasa, ije, nimlaani huyu mtoto. Haikuja. Nilichokiona ni kwamba nimepumzika."

"Umepumzika?"

"Tangu tuhame nilikuwa nimebeba vitu viwili. Mbegu huku, mtoto huku. Kila nikitembea napima. Nikimtazama Theodora namwona Klara. Nikitazama mbegu namwona Klara. Wewe ukaja ukaninyang'anya. Nikasema, haya. Sasa abebe yeye."

"Mimi sikutaka kubeba, baba. Nilitaka mtoto ale tu."

"Na mimi nilitaka hivyo."

Ndege walipiga kelele kwenye mkwaju. Gaspari alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo.

"Basi umenisamehe?"

Mughwai alilifikiria lile swali kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa umri wa ng'ombe. "Sijui kama ni kusamehe," alisema. "Kuna wakati nikikuona unakuja, kifua kinashtuka, hapa, ulipoweka mkono. Halafu hapohapo nafurahi kwamba ni wewe. Vyote viwili vinakuja pamoja. Nimejaribu kuvitenganisha, vimenishinda."

Gaspari aliokota jembe lake. Alikuwa amejiandaa kwa laana, na alikuwa amejiandaa kwa msamaha. Kwa jambo hili hakuna mtu aliyewahi kumfundisha aseme nini.

Mtama ule ulikuja kuota. Haukuwa mwingi, lakini uliota, wakavuna, na mwaka uliofuata Theodora aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya kijiji, mrefu kuliko wenzake wote na mwenye maswali ya kumchosha mwalimu. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hayo.

"Tuanzie wapi?" Mughwai aliuliza.

Gaspari alitazama shamba. Akanyoosha mkono ovyo, akaonyesha kona ya juu, karibu na majabali, mahali ambapo mkulima yeyote angejua kwamba chini ni kokoto tupu. Mughwai alipatazama. Aliyajua mawe hayo. Maisha yake yote alikuwa amelima ardhi ya namna hiyo. Alipanda mpaka pale, akatemea viganja mate, akainua jembe akalishusha. Likalia juu ya jiwe. Akaliinua, akalishusha tena, likalia tena.

Gaspari alingoja sauti ya zizini. Alingoja aambiwe, wewe, huna macho? Mzee aliinama, akalitikisa jiwe, akalitoa, akaliweka pembeni, akainua jembe.

Basi Gaspari alikwenda kule juu. Alipita mbele ya baba yake, akachuchumaa, akaanza kung'oa mawe kwa mikono, akiyatupa nje ya shamba, na mzee akamfuata nyuma yake na jembe, taratibu, akiangalia asimkate vidole.